Kaushu Mbili Teketeke

Kazi Mbili, tarehe 1 Julai 1975

Gari imelia tena leo. Kutoka Dilala mpaka soko ya Manika — kwii! kwii! — sawa nguruwe ya kushikwa mukia. Batu banageuka. Mama moja wa mihogo ananiuliza: tata, hiyo gari inataka kuzaa? Nikamujibu: ndiyo, mama, na baba ya mutoto ni bwana yako. Akanirushia maganda. Siku nzuri!

Nimelala chini yake, nikaangalia. Ni kaushu, mipira ya chini. Zile ine zinakalia juu ya resori, zile springi, mwili wa gari usipige chuma. Muzungu, bwana yangu wa kazi wa zamani, alikuwa anaita silambloki. Zimepasuka sawa kisigino yangu.

Ni gari ya mashindano, nyekundu, haina paa juu, biti mbili tu za kukalia. Ya zamani. Muzungu aliniachia wakati balirudia kwabo. Mwenzake akaachia Kisimba, dereva wake, ingine ya kufanana. Mapacha. Kolwezi muzima ni hizo mbili. Ya Kisimba injini ilikufa, inalala tu mu lupango yake, kiwanja ya nyumba, kuku banazalia ndani.

Na Kisimba eko mugonjwa. Kabila yake na yangu ni batani tangu bankambo, babu zetu ya zamani. Mutani akikufa, mi naingia mu nyumba yake, nachukua kitu nataka, na batu ya kilio bananicheka tu, hakuna wa kunikataza.

Basi, ningoje. Haiko mbali.

Siku ya Mungu, tarehe 6 Julai

Nilienda kuona mugonjwa. Balimupasula tumbo, bakamushona, bakamurudisha ku nyumba. Nilibeba machungwa. Lakini nikapitia chini ya gari yake kwanza.

Ndaya, binti yake, akaona miguu yangu inatokea pale.

— Tata, mugonjwa eko ndani. Haiko chini ya gari.

Ye Kisimba akanisikia, akalalamika ku kitanda: umekuja kunipima sanduku? Nikamwambia: hapana, Stanislas, we umekauka, kopo ya maziwa itakutosha. Nimekuja kupima kaushu. (Namuita Stanislas juu ya kumukasirisha. Jina ya bazungu serikali imekataza, tunaitana citoyen, mwananchi!)

Akacheka. Anashika tumbo na mikono mbili, machozi inashuka, na bado anacheka. Ndaya akanifukuza. Monganga wa hospitali amekataza kucheka, amekataza kutikisika. Nikamuliza: na kufa, amekubali? Akaanza kulia, huyu mama mukubwa muzima.

Machungwa nilikula njiani.

Kazi Tano, tarehe 11 Julai

Kisimba anakawia. Mi sina subira.

Nilimutuma Aruna, ule muchuuzi anapandaka treni mpaka Dilolo. Atafute kaushu mupya, ya kutoka Lobito, ku bahari ya Angola. Amerudi leo na samaki ya chumvi.

— Muzee, kule Angola ni bunduki. Unataka nikufe juu ya kaushu?

Nikamujibu: we haiko mutani yangu, Aruna. Ukikufa sipati kitu. Usijisumbue.

Siku ya Posho, tarehe 12 Julai

Nikapata kipande ya mukaba ule unabebaka mawe ku mine, kule banachimba. Nimekata kaushu ine na kisu ya kuchinjia. Ukucha haiingii. Nyundo inaruka, inarudia ku paji yangu. Nikazifunga ku gari, nikaenda Manika kununua mayai.

Nimerudi na supu ya mayai. Na jino yangu ya mwisho ya juu imebaki njiani, pale pa daraja.

Kaushu hii haitakufa hata siku moja. Atakufa ule anaikalia.

Kazi Tatu, tarehe 16 Julai

Kisimba ameniita. Amekonda zaidi. Anataka kwenda Nzilo, ku kaburi ya bibi yake, mama ya Ndaya. Mu gari yangu.

— Toa kaushu yangu, weka kwako. Lakini unipeleke muzima. Monganga anasema tikiso moja ya nguvu, mushono unafunguka, basi.

Nikamuliza: juu ya nini usingoje tukupeleke mu sanduku? Mule unatikisika vile unataka.

Hakucheka.

Mara ya kwanza tangu tunajuana. Anaangalia ukuta tu. Haikunipendeza hata kidogo. Nikasema sawa, nikatoka mbio, nikatukana kuku.

Kazi Ine, tarehe 17 Julai

Nimefungua gari yake. Kaushu mbili — ajabu! Teketeke. Unafinya na kidole, inaingia, inarudi polepole sawa shavu ya mutoto. Lakini zile mbili ingine panya bamekula.

Sasa niko na mbili teketeke na mbili ya mukaba. Nizitie wapi? Mbele zote? Nyuma itapiga, na biti biko karibu ya nyuma. Nyuma zote? Mbele itapiga. Dawa ni upande mumoja: mbele na nyuma. Gari italala kidogo, haizuru. Lakini upande ya nani? Yangu ao yake?

Mugongo yangu ni mubaya. Na mutani wa kweli angejiwekea. Kolwezi yote ingecheka, na Kisimba angecheka kushinda bote.

Nimeweka kwake. Upande ya kuume, juu volan, ule usukani, iko kushoto.

Hakuna mutu atajua. Akijua, nimekwisha! Ataniimba: Muzee ameona huruma, Muzee amekuwa bibi kizee. Kwa hiyo nilienda kumwambia: zile teketeke nimejiwekea, ku volan. We utakalia mawe, mutani.

— Mubaya weye! — akacheka vizuri, mikono ku tumbo. Sura yake ikarudi.

Ndaya akatema mate chini, karibu na kiatu yangu.

Siku ya Mungu, tarehe 20 Julai

Naandika ku baryeri, pale basoda banafunga njia ya Nzilo na mti. Musoda amekamata karte zetu za MPR, za chama, ameingia nazo mu kibanda. Kitabu iko ku magoti.

Asubui niliingia kuchukua blanketi. Natoka — Kisimba amekaa ku volan! Kofia ya dereva ku kichwa.

— Dereva ni mi. We ni wa nyundo. Panda kule ku mawe yako.

Nikamwambia: toka, upande huo ndiyo pagumu. Anacheka. Nikaapa na jina ya mama yangu. Anasema: mama yako ndiyo alikufundisha kudanganya. Nikataka kumuvuta na mukono. Ndaya akalia: musimuguse mushono! Nikamuvuta Ndaya pembeni, nikamwambia kweli yote, polepole, bila muchezo. Akaniangalia.

— Tata, amekupa kaushu yake. Sasa unataka na kiti?

Nikapanda.

Na ye anatafuta mashimo! Moja haimupite. Paaa! — anageuza shingo, ananiangalia: unasikia mawe, mutani? Mi nimekaa pazuri sana, sawa niko ku kitanda ya mapere, bale bapadri. Chini yake kaushu ya mukaba inapiga sawa chuma. Nikanyamaza, akasema: amekasirika! Akatafuta ingine. Nikajaribu kulia: mugongo, mugongo yangu, nakufa! Juu ya huruma apunguze. Akafurahi sana. Akaingia mu shimo ya kuzika ngombe.

Sasa amesimama. Injini hajaizima. Mukono mumoja ku volan, mumoja chini ya blanketi. Sura yake iko ya majivu, jasho inashuka, na hii baridi ya kipwa, wakati bila mvua. Anatabasamu tu. Ku blanketi, pale mukono iko, kuna kidoa nyekundu. Nimeangalia mara mbili. Kinapanuka.

Nimemwambia: Kisimba. Haiko Stanislas — Kisimba. Tubadilishane biti, nakuomba. Anasema: unaomba? Kumbe mawe inauma kweli!

Musoda anatoka na karte. Mti unapanda.

Ananiuliza: mutani, twende polepole ao mbio?

Nikisema polepole, atakimbia. Nikisema mbio, leo ndiyo siku ataniamini.