Mama Anaolewa Ufukweni

2 Machi

Kaka,

Hujambo huko? Wifi na watoto wazima? Sisi tupo, na mama ndiye mzima kutushinda wote. Anapanda ngazi huku anaimba.

Najua umeshasikia, maana habari za nyumba hii hukufikia kabla ya salamu. Ni kweli. Mama anaolewa na Fundi Saa, yule jirani aliyefiwa na mkewe, aliyekuwa anakuja kututengenezea saa ya ukutani mpaka nikajiuliza mbona inaharibika kila wiki. Ni Jumamosi ya tarehe 16, jioni, ufukweni. Mpiga picha ni mimi, na bei yangu mama ameikataa.

Anataka kitu kimoja tu. Picha ya familia: yeye na mumewe katikati, wewe kulia kwake, mimi nitege kamera nikimbilie upande wa pili. Anasema bila wewe hiyo itakuwa picha ya watu tu. Njoo basi.

Mdogo wako

6 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila kitinda mimba ana mafua. Kifua chako kimepona?

Siji. Mwanamke wa miaka sitini na moja, miguu mitupu mchangani, na bintiye yuko mbele anampiga picha! Mmekosa ukumbi wenye mlango wa kufunga? Kazini wameanza kuniuliza huku wanabana vicheko. Mimi nimebaki na koti la baba na mwavuli wake, basi, halafu mnataka nishangilie mtu mwingine akikaa kwenye kiti chake. Na hali ya hewa yenyewe siku hizi haieleweki. Mkinyeshewa, shauri yenu.

Tena hizo picha usimwoneshe mtu.

Kaka yako

9 Machi

Kaka,

Mpe pole mgonjwa wetu. Kifua changu kimepona, ndiyo maana nina pumzi ya kukujibu.

Nani alikuwa anamgeuza baba kitandani? Wewe ulikuwa unakuja Jumapili na mfuko wa machungwa, unakaa saa moja, unaangalia simu. Nakupenda, lakini habari za baba usinifundishe. Mama amelia vya kutosha. Sasa amejishonea gauni la njano na atalivaa watu wakimwona.

Barua yako nilimsomea yote. Nilipofika kwenye mlango wa kufunga alivua miwani, akasema, "Mwambie mimi sijaiba mtu."

Mvua ikija nitapiga ndani ya mvua. Picha nitamwonesha kila mwenye macho. Na nafasi yako kulia kwa mama hatumpi mtu. Usipotokea itapigwa hivyo hivyo, tupu.

Mdogo wako

18 Machi

Kaka,

Habari za huko? Mafua sasa ninayo mimi.

Jioni ilianza na jua kali, watu wote kwenye picha wamekunja sura kama wanadaiwa. Nikasogeza bibi na bwana harusi kivulini, wingu likaja, kivuli chenyewe kikapotea. Nikawarudisha. Jua likatoka. Nimebadilisha mwanga kwenye kamera mpaka kidole kikauma. Halafu upepo ukabeba turubai, viti vya plastiki vikaanza kukimbizana, na mvua hiyo hapo! Wageni mbio kwenye magari. Fundi Saa naye akataka kukimbia, mama akamshika mkono wa koti: "Unakwenda wapi? Kwani wewe sukari?"

Wakafunga ndoa pale pale, aliyewafungisha anasoma karatasi inayomlowea mkononi. Mimi kamera nimeivisha mfuko wa mkate, nimetoboa tundu la lenzi. Mama alicheka, kaka. Alicheka mpaka akaegemea meza ya keki.

Mvua ikiwa bado inanyesha, jua likapenya, mchanga wote ukang'aa. Nikapiga kelele, "Hapo hapo, familia!" Shangazi akaja kuziba nafasi yako. Mama akamsogeza kwa kiwiko. Akanyoosha mkono wake wa kulia kama ameshika kiuno cha mtu, akatulia, nikatega kamera nikakimbilia upande wangu. Nililia, wala sikuona aibu.

Sasa sikiliza. Jana naikuza picha kwenye kompyuta nione kama imetulia. Kwenye ile nafasi tupu, nyuma kabisa, kwenye ukuta wa maegesho, kuna mwanamume amesimama chini ya mwavuli mweusi wenye kiraka cha bluu. Kiraka kile mama alikishona kwa kipande cha sare yako ya shule. Jamani! Mtu anajificha kwa mwavuli wa baba! Shangazi angesimama pale tusingekuona kamwe.

Mama nimemwonesha. Aligusa kioo kwa kidole, akasema, "Amekonda."

Nimeichapa kubwa. Iko sebuleni, chini ya saa.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Pole na mafua. Sisi hatujambo.

Nilikuwa napita tu. Nilikuwa na shughuli upande ule, mvua ikanikuta.

Nilimwona mama akicheka. Iliniuma kwamba si mimi niliyemchekesha, na iliniuma zaidi kwamba sikumbuki lini nilijaribu. Nitumie nakala. Ila mimi nitoe, najua siku hizi mnaweza. Watu wakiiona kwangu wataniuliza nilikuwa nafanya nini kule ukutani.

Kaka yako

27 Machi

Kaka,

Mzima? Mimi nimepona.

Sikutoi. Wakikuuliza, waambie ulikwenda harusi ya mama yako.

Nakala yako ipo, lakini situmi. Uifuate mwenyewe, mchana, kwa mlango wa mbele. Na uje na mwavuli. Fundi Saa ameona kwenye picha kwamba waya mmoja umepinda, na tangu hapo hana raha. Mama amemwambia waya anyooshe, kiraka asikiguse.

Mdogo wako