Uje na Ndugu Mmoja

Nyumba ya kona, nyuma ya posta
Jumapili mchana, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo wewe, na wa nyumbani kwako hawajambo? Mgongo wa shemeji unaendeleaje, au bado anabeba magunia kama kijana na kulia usiku kama mtoto? Na mapacha, wamefaulu mitihani? Huku mimi sijambo, sijambo ile ya kwenye salamu. Ninakula, ninalala, kazini ninafika kwa wakati.

Ukiona nimeandika herufi kubwa namna hii usidhani nakugombeza. Ni macho. La kulia limeingia mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kumfuata mwenzake. Ndiyo hivyo, nimezaa uzeeni, na mtoto mwenyewe hatumwi dukani. Cheka tu, mimi nimeshacheka. Lakini inabidi nipasuliwe, na kuna jambo nataka kukuomba kuhusu siku hiyo. Ningelisema kwenye simu, ila najijua: ningeuliza habari za watoto, ningesema niko salama, halafu ningekata.

Nyumba ipo. Mpangaji wa chumba cha uani amehama, kwa hiyo uani hakuna tena redio. Bomba la jikoni linavuja. Fundi bomba alikuja, akalitazama, akasema anakwenda kuleta kifaa, na mpaka leo bado anakileta. Nimetega ndoo chini yake. Juzi nilitandika kitambaa ndani ya ndoo ili nisisikie matone, nikakaa, nikaona nyumba imenyamaza mno. Nikakitoa.

Uliniuliza kama ni kweli nimehamishwa. Nimehamishwa ghorofa, si mji. Ofisi ni ileile ya ustawi wa jamii, ila nimetolewa dirishani pa mapokezi nikapelekwa kitengo kipya, huko juu. Kazi yetu ni kuchunguza kwa nini watu hawaji kuchukua huduma wanazozihitaji wenyewe. Mtu anajiandikisha, anashukuru, siku ikifika humwoni. Zamani tulikuwa tunasema watu wa siku hizi wagumu, tunafunga faili. Kumbe jambo hili lina elimu yake, elimu ya tabia, na watu wanaisomea mpaka chuo kikuu. Inasema kabla hujamlaumu mtu, kwanza ikague njia uliyomwekea. Wenzetu wa ghorofa ya chini wanatuita Waganga, na wakipandisha ngazi wanapiga hodi kwa kejeli.

Mkubwa wetu ni kijana tunayemwita Profesa. Si profesa, na hata ndevu hazijakubaliana naye, lakini kichwa anacho na adabu anayo. Ananiita Mama, na chai ananiletea mwenyewe.

Kazi tuliyopewa kwanza ilikuwa hiyohiyo ya macho. Watu wazima wenye mtoto wa jicho wanapasuliwa bure kwenye hospitali ya serikali, asubuhi unaingia, jioni umerudi kwako. Huduma nzuri. Lakini vitanda vilikuwa vinabaki vitupu, daktari ameshavaa glovu, anamsubiri mtu ambaye haji. Mkuu wa idara akatwambia hali ikiendelea hivi huduma itapelekwa kwingine.

Tukaanza na barua ya mwito. Ya zamani ilikuwa kama hati ya polisi, unatakiwa kufika bila kukosa, utadhani mtu ameiba. Tukailainisha, tukaifupisha, tukaweka jina la mtu juu kwa herufi anazoweza kuziona. Tukaongeza ujumbe wa simu wa kumkumbusha. Nusu ya watu wakapelekewa ya zamani, nusu ya kwetu, ili tupime ipi inaleta watu. Chiriku, tulijisifu kabla ya matokeo. Walioongezeka walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na Profesa siku ile chai yake ilipoa mezani.

Kikaoni mmoja akasema wanaogopa kisu. Mwingine akasema wanasahau, tuwakumbushe mara mbili. Mimi nilikuwa naijua sababu. Barua zote mbili zilikuwa na mstari mmoja ambao hakuna aliyeugusa, kule chini kabisa: Uje na ndugu mmoja wa kukurudisha nyumbani. Profesa ana baba, ana mama, ana dada wanaompigia simu mpaka anazizima. Angeuonaje mstari kama huo? Kwake ilikuwa sawasawa na kuambiwa uje na kitambulisho.

Niliujua kwa sababu barua hiyo nimeipata mimi pia, tena mara mbili, na mara zote mbili sikwenda. Mara ya kwanza nilijiambia kazi zimenizidi. Mara ya pili niliamka nikaoga, nikavaa, nikakaa kitandani na mkoba mapajani. Nilikuwa naliona lile dawati, na yule nesi akiniuliza mbele ya watu, Mama, ndugu yako yuko wapi? Nikavua viatu. Tangu mume wangu afariki sijawahi kuona aibu ya kuwa peke yangu kama asubuhi ile, na hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu.

Basi kikaoni nikalisema, ila nikasema "watu", sikusema "mimi". Profesa akataka tukawaulize wenyewe majumbani. Tukafika kwa fundi cherehani mmoja mzee, ambaye siku hizi hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Alitupokea vizuri, maneno mengi, utani mwingi. Nilipomuuliza habari ya ndugu wa kuja naye akaanza kuchambua vifungo kwenye kopo kwa kupapasa.

"Watoto ninao," akasema mwishowe. "Wana kazi zao. Sasa mtu mzima mwenzio unaanzaje kumwambia aache kazi, aje akushike mkono?"

Profesa akaandika. Mimi nilikuwa natazama vifungo.

Tukaubadilisha ule mstari. Sasa unasema ukija peke yako mmoja wetu atakurudisha nyumbani, na hakuna atakayekuuliza kwa nini uko peke yako. Tukapangiana zamu sisi wenyewe wa kitengo. Vitanda vimejaa mpaka watu wanasubiri kwenye benchi. Huduma haihamishwi tena, na Profesa ameitwa kwenda kueleza mbele ya wakubwa. Amenunua suti, mikono imempita. Nimempindia.

Mimi nimeshawasindikiza wengi. Yule fundi cherehani nilimpeleka mimi. Bandeji jichoni, mkono begani kwangu, njia nzima ananitania kwamba majirani watasema ameoa. Tulipofika nikamfungulia mlango. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, na mezani pana chupa ya chai na vikombe viwili. Alikuwa ameviandaa asubuhi kabla hajatoka, kwa kuwa alijua atarudi na mtu. Na mimi nje, kwenye gari la ofisi, nilikuwa na mgonjwa mwingine anayesubiri. Nikamwambia. Akasema hamna neno mwanangu, kazi ni kazi, akashika ukuta akaingia. Katika taarifa yetu ameandikwa amefika nyumbani salama.

Siku hiyo nilirudi ofisini nikakaa tu. Profesa akaniuliza kama naumwa, ndipo nikamwambia habari yote ya macho yangu. Hakunicheka. Amenitafutia nafasi nyingine, Alhamisi ya tarehe mbili mwezi ujao, na amesema zamu hiyo ni yake, ananirudisha mwenyewe. Kwa hiyo sikosi mtu, usije ukawa na wasiwasi.

Chiriku, barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliiandika kitaalamu, nikakuwekea tarehe juu kabisa, basi la kupanda, mpaka maneno ya kumwambia bosi wako. Nadhani ungekuja, maana elimu ile inafanya kazi, nimeiona kwa macho yangu haya mabovu. Nikaichana. Nimefanya watu wengi waje mahali kwa kuwapangia maneno, na wewe sikutaka uwe mmojawao. Tangu tumzike mama, mimi na wewe tunasalimiana kwa picha za simu. Wewe unanitumia kidole gumba, mimi nakutumia ua, mwezi unakwisha. Silaumu, hata mimi sijui tuliishiaje hapo, sisi tuliokuwa tunachapwa kwa kuongea kitandani. Nimekukumbuka sana, na ninaogopa kupasuliwa.

Nakuomba uje. Kama haiwezekani, sema haiwezekani, sitakununia. Profesa atanifikisha mlangoni, na atanifikisha vizuri. Mimi nataka mtu wa kuingia naye ndani.

Nisalimie shemeji, umwambie magunia yana wenyewe. Wabusu mapacha wote wawili, na mama mkwe wako mpe shikamoo yangu. Mungu awalinde hapo mlipo, na njia ikifunguka aifungue kwa kheri.

Mimi yuleyule akupendaye,
Dada yako