Maji Yasiyotoka

Jumatatu, 3 Machi
Saa kumi na mbili asubuhi. Dirisha nimefunga, feni nimezima, mikono nimenawa mpaka viwiko. Nimefungua mpira wa tumboni. Jana niliingiza lita mbili za maji ya kusafisha damu, leo zimetoka lita moja na nusu. Tena! Hiyo nusu imebaki mwilini, na figo zangu zilishakufa.
Kwenye kitabu cha kliniki nimeandika lita mbili na robo. Mimi, mwalimu ninayefukuza watoto darasani kwa kunakili majibu.

Alhamisi, 6 Machi
Viatu havinitoshi. Nikibonyeza mguu, kidole kinaacha shimo. Mume wangu, Baba Wakesho, ameuliza. Nimemwambia ni joto la Voi. Ameamini, maskini.
Huu ni mwaka wa nne najisafisha damu kwa tumbo hapa nyumbani, mara nne kwa siku. Kliniki wakijua maji hayatoki watanipeleka kwenye mashine hospitalini. Kaka yangu Mwadime alifia kwenye mashine, mimi nimeketi kando yake. Siendi.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikwenda. Akina mama wamekuja kuniombea. Eti nimenenepa, Mungu ni mwema. Kunenepa! Ni maji, jamani. Nimeitikia amina na kuwapa chai.

Jumatano, 12 Machi
Sasa natumia mifuko mikali ya maji, ile yenye sukari nyingi, kila mara. Nilikatazwa. Leo zimetoka lita mbili kamili, nikafurahi kama mjinga.
Mwadime amekuja. Mimi ni Mkristo, siamini mambo hayo. Lakini mchana kweupe, nikimwaga maji, alikuwa amesimama mlangoni na ile plasta ya sindano za mashine mkononi. Nilimfokea aondoke. Hakuondoka.

Jumamosi, 15 Machi
Hata mfuko mkali umegoma. Nikilala chali pumzi inakata. Nashinda nimeketi kwenye kochi. Mwadime yuko pale ukutani, ananitazama tu. Naogopa kufa. Naogopa mashine. Sijui naogopa nini zaidi.

Jumanne, 18 Machi
Kliniki. Nimeongezeka kilo sita. Nesi akatazama kitabu changu, akatazama miguu yangu.
"Mwalimu, haya maji yote uliyoandika yalitoka kweli?"
Nimelia mbele ya watu. Nimesema yote.
Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amesema ule utando wa ndani ya tumbo unaochuja huchakaa. Miaka ya maji ya sukari huufanya mgumu, na maambukizi niliyopata mara mbili yaliharakisha jambo hilo. Sasa sukari inapenya upesi kwenye damu, haikai tumboni kuvuta maji. Hata anayenawa vizuri hufika hapo. Kumbe nimeilaumu mikono yangu bure, nikidhani haikuwa safi. Lakini ile mifuko mikali ni mimi. Nilijizidishia mwenyewe.
Baba Wakesho, aliyenisindikiza, ametembea mbele yangu njia nzima. Nimemuumiza.

Jumatano, 19 Machi
Kesho mashine. Sijala. Mwadime hajabanduka.

Alhamisi, 20 Machi
Saa nne nzima kwenye mashine. Katikati baridi ikaanza vidoleni, ikapanda mikononi, chumba kikaanza kuwa giza.
Hili sijawahi kumwambia mtu. Mwadime naye alianza hivyo. Aliniambia, "Dada, nasikia baridi." Nilimfunika leso, ile kanga niliyojifunga, nikamwambia avumilie, manesi wana kazi nyingi. Niliona haya kuwasumbua. Alivumilia mpaka akanyamaza.
Leo nimepiga kelele. Wagonjwa wote wakageuka. Nesi amekuja mbio, akainua miguu yangu, akapunguza kasi ya mashine. Pressure ya damu ilikuwa imeshuka, akasema, na nimefanya vizuri kuita. Kitu kidogo tu, dakika chache.
Dakika chache.
Nimetazama mlangoni. Hakuna mtu.
Jioni nimemwambia Baba Wakesho habari ya leso. Amenivua viatu, akaniwekea miguu juu ya mto.