Mtu Aliyefunikwa Mkeka Uwanjani kwa Bibi Aliitasi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fuatino Leavasa
Umri: Miaka 54
Kazi: Mfuaji nguo, nyumba ya kulelea wazee
Makazi: Logan, Queensland

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Kwetu ni Samoa, ila nimeishi Logan tangu ujana. Lagi Tuimavave ni jirani yangu na shoga yangu. Kila mwaka huenda nyumbani na kurudi na mafuta ya nazi, koko, yaani kakao ya kwetu ya kunywa, na mikeka ya heshima, ile inayosukwa kwa majani ya mkadi mpaka inakuwa laini kama kitambaa. Kule huinunua kwa wajane, huku hutuuzia kwa bei ya kuruka. Tunamsema, halafu tunanunua, maana hakuna anayekwenda msibani mikono mitupu.

Mnamo tarehe 11 Julai 2025, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, nilikuwa katika ukumbi wa kanisa kwenye msiba wa Mzee Iosua Faleafa. Dada yake, Bibi Aliitasi, aliyefika kutoka Samoa na kufikia kwa mpwa wake, alikaa karibu na jeneza bila kusema na mtu. Nilijua kinachomsumbua. Kabla ya kusafiri alifungua sanduku lake achukue mkeka wa mama yao, amzikie kaka yake, akakuta sanduku tupu.

Ndipo wakwe wa marehemu wakaleta mkeka wao. Kwetu mkeka wa namna hiyo haukabidhiwi ukiwa umekunjwa. Wanawake huushika ncha na kuutembeza ukumbini watu wauone, na waliokaa hushukuru kwa sauti. Huu ulikuwa wa zamani, una rangi ya asali. Tulikuwa tumeanza kushukuru Bibi Aliitasi aliposimama. Alisogea, akashika kiraka pembeni mwa mkeka, akasema, "Hiki nilikishona mimi nikiwa msichana." Hakupaza sauti, lakini wote tulimsikia.

Tavana, mkubwa wa wakwe, alimgeukia Lagi, aliyekuwa amekaa karibu nami. "Umetuuzia mali ya wizi tuje nayo msibani?"

"Aliyeniuzia ni mjukuu wa bibi huyu," Lagi alisema.

"Ukamuuliza bibi yake yuko wapi?"

"Sikuuliza."

"Utauliza wapi, na faida umeshaiona?"

Mkeka uliachwa juu ya jeneza. Tavana ndiye aliyekuja kituoni hapa jioni ile kumshtaki Lagi. Simlaumu. Kuaibika mbele ya maiti si jambo dogo.

Kesho yake, Jumamosi, alfajiri, Lagi alinigongea mlango. Alikuwa amebeba mkeka wa marehemu mama yake. Huo asingeuuza hata ungempa nyumba. Niliwahi kumuuliza bei yake akanijibu, "Huo ni wa kunizikia mimi."

"Unakwenda wapi nao, shoga?"

"Kwa Bibi Aliitasi. Nifunike, kisha ukae pembeni."

Nilielewa. Kwetu aliyekosa hupiga magoti nje ya nyumba ya aliyemkosea, amefunikwa mkeka gubigubi. Aliyekosewa akija kuufunua, yamekwisha. Asipokuja, mkosaji hubaki palepale, na zamani wapo waliopigwa shoka wakiwa chini ya mkeka. Haya niliyasikia kwa wazee tu, sikuwahi kuyaona.

Tulipofika uwanjani, Lagi alipiga magoti kwenye nyasi zenye sakitu, maana huku Julai ni majira ya baridi, nikamfunika. Pazia la dirishani lilitikisika. Mlango haukufunguliwa.

Mzungu wa nyumba ya pili alitoka na mbwa wake, akaona, akapiga simu polisi kwamba kuna maiti imefunikwa uwanjani. Saa moja na nusu alifika Konstebo Whitlock. Aliinama ili aufunue. Ni kweli nilimshika mkono. Nilimwambia, "Afande, ukiufunua wewe, umemmaliza."

"Yuko hai?"

"Muulize mwenyewe."

Akauliza. Lagi akajibu akiwa chini ya mkeka, "Niko hai, afande. Naomba uniache."

Konstebo alinitazama, akautazama mkeka, akarudi nyuma. Kisha akavua kofia. Labda kichwa kilimwasha.

Tulisimama hivyo. Majirani walitoka, wa kwetu na Wazungu, na hakuna aliyetoa simu kupiga picha. Lagi ninayemjua hajapata kumpunguzia bei hata mchungaji, na sasa alikuwa pale chini, hana neno la kujadiliana na mtu. Niliona kitu kikubwa, afande, nikaogopa, na bado nilitamani kuendelea kukitazama.

Jua lilipofika kwenye paa, Bibi Aliitasi alitoka peke yake, bila viatu. Alipiga magoti kwa shida. Kwanza aliupapasa mkeka kwa vidole, anavyofanya msusi yeyote wa mikeka, ndipo akauinua.

"Ni wa nani huu?"

"Wa mama yangu, bibi. Nimekuletea wewe."

Bibi aliushika kwa muda, kisha akamzungushia Lagi mabegani. "Najua ilivyo kufungua sanduku la mama yako ukalikuta tupu," alisema. "Sikutakii. Inuka, unatetemeka."

Lagi alilia kama mtoto, na mimi pia. Mpwa wa bibi alisema akiwa mlangoni, "Ingia, mama, kuna koko ya moto. Ni ileile uliyotuuzia, bei unaijua." Hapo tukaweza kucheka.

Mkeka ambao Tavana aliulalamikia hauwezi kuletwa kama kielelezo. Mzee Iosua alizikwa nao alasiri ya Jumamosi ileile. Tavana alibeba jeneza, na Lagi aliimba nyuma yake. Nimeulizwa kama Bibi Aliitasi anataka kumshtaki Lagi. Nilimuuliza, akanijibu, "Waambie nimeshafunua."

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, wala sikuyatia chumvi.

(Sahihi) F. Leavasa
14 Julai 2025

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Askari anayetajwa humo ni mimi. Kuhusu kushikwa mkono, sina malalamiko. Kuhusu kofia, kichwa hakikuwa kikiniwasha.

Konstebo D. Whitlock