Mtihani Mwingine wa Ualimu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Louisville sote tu wazima. Mama yako amehamishiwa zamu ya mchana kiwandani, sasa anaimba tena kwaya. Umeniuliza kwa nini huko Buffalo wanakutaka ufanye mtihani mwingine, wakati leseni ya ualimu ya Kentucky unayo.

Mimi nilitoka Burundi na cheti changu, lakini mwalimu mkuu wa shule ya kambini Tanzania akaniambia, "Tufundishie kwanza, tukuone." Niliudhika, nikaingia darasani hivyo hivyo. Kiswahili changu kilikuwa kibovu. Watoto wakacheka, msichana mmoja akanisahihisha, nikalirudia neno vizuri, na somo likanoga mpaka kengele ikalia. Nilirudi kumwambia bibi yako nimepata kazi, hasira nimeshaisahau.

Ufanye tu, mama. Jumapili tutakuombea.

Babu yako