Kwa Ciakuthii, Aliyetuacha Msimu wa Mtama

Umetimia mwaka sasa, Ciakuthii wetu, tangu ulale usiamke. Hapa kwetu Kiambere mtama umeiva tena, ndege wamerudi, na wewe uliyekuwa ukiwafukuza hupo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako. Ulipewa kopo na kijiti upige kelele, lakini ndege wakitua uliwasalimia kwanza, ndipo ukawafukuza. Cucu Ednah, nyanya yako, alikuwa akikugombeza huku anacheka. Na chakula hukuonja mpaka kila mtu awe na sahani, hata paka.

Homa ilipokupanda, mama yako Nelius alikubeba mpaka zahanati. Wakakutoboa kidole, wakapata malaria. Huku karibu na bwawa, mtoto kupata malaria si habari. Tulishusha pumzi, kwa sababu malaria ina dawa. Ulikuwa ukikohoa pia, lakini mtama ulikuwa ukipurwa na nyumba nzima ilikohoa.

"Ni vumbi tu," Cucu alisema. "Likiisha, atatulia."

Dawa ulizimeza zote bila kulia. Homa haikushuka, na mbavu zikaanza kuingia ndani ukipumua. Hospitali kubwa walituambia ni magonjwa mawili kwa pamoja: malaria kwenye damu, virusi kwenye mapafu. Tulikuwa tumechelewa.

Tangu hapo mama yako hasikii kikohozi akabaki ameketi. Juzi ndugu yako Njuki alishikwa na homa, anakohoa. Kipimo kikaonyesha malaria, akapewa dawa, wakaambiwa waende nyumbani. Nelius hakuinuka kwenye benchi.

"Daktari, malaria umeipata," alisema. "Sasa mfungue shati utafute ile ingine."

Wakaitafuta, wakaipata. Njuki alilazwa, akawekewa oksijeni, na sasa yuko nyumbani anadai uji. Tulimshukuru Mungu. Lakini baba yako Munyi alimkuta mama yako nyuma ya ghala, ameshika kopo lako, analia.

"Maneno yalikuwa hayo tu, Munyi," alisema. "Mbona sikuyajua wakati wa Ciakuthii?"

Baba yako aliketi kando yake. Hata sisi tunajiuliza hivyo.

Tunakukumbuka sote: mama yako Nelius, baba yako Munyi, Cucu Ednah na ndugu yako Njuki. Hutatutoka moyoni kamwe. Kopo lako sasa analipiga mama yako, na ndege wakitua, huwasalimia kwanza.