Kona ya Tatu ya Blanketi la Abigaíl

Kwa mama yetu mpendwa, Eduvigis Araya wa San Ramón

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya manyunyu ulipotuaga kitini pako, kahawa ikiwa bado ya moto na blanketi jeupe likiwa mapajani. Tulidhani umesinzia. Binti yako mdogo Marielos akapunguza sauti ya redio usije ukaamka.

Hatuandiki haya tukilia. Tulilia vya kutosha, na wewe hukupenda watu wa kulialia mbele ya kahawa. Tunakuandikia kukupa habari.

Mtaani kwetu hakuna mtoto aliyebatizwa bila blanketi lako la kroshia, lenye utepe mwekundu wa kuzuia kijicho, uliopenya kwenye matundu ya pembeni. Ulilowesha utepe kwanza usije ukachuja rangi, ukaupitisha kwa pini ya nepi, na kila kona ukaulegeza upana wa kidole. Fundo hukufunga kamwe. Ulisema fundo ni la mama mzazi, naye hulifunga siku ya ubatizo.

Kona ndizo zilizotugombanisha. Uzi hunyumbulika, utepe haunyumbuliki. Ukiukaza, kona inajikunja. Na mimi Nidia, binti yako mkubwa, nilikuwa na mkono wa kukaza. Ulikuwa unapita nyuma yangu, huangalii hata mara mbili.

"Fumua."

"Mama, nani ataona?"

"Mtoto atalala juu yake, wewe unaniuliza nani ataona. Fumua, mwanangu, halafu tule."

Chakula kilipoa mara ngapi! Kuna siku nilikuchukia kidogo, nakiri. Sasa nacheka.

Blanketi la mwisho ulilianza mara tu binti yangu Yorleny alipoolewa. Akakutania, "Bibi, hata mimba sina. Haraka ya nini?" Ukamjibu bila kuinua macho, "Haraka ni yangu. Wewe endelea kustarehe na mumeo."

Ulipoondoka, utepe ulikuwa umeshapita pande tatu na kugeuka kona ya tatu, pini inaning'inia. Tukalikunja hivyo hivyo, tukalitia kwenye kopo la biskuti. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifungua.

Miezi miwili iliyopita Yorleny akajifungua Abigaíl, kitukuu chako, na ikabidi kopo lifunguliwe. Nilipolitandaza blanketi mezani nikaona jambo ambalo sikulitegemea maishani. Kona ya tatu, ile uliyoigeuza asubuhi ile ile, ilikuwa imejikunja. Uliikaza, Mama. Wewe!

Mdogo wangu Marielos akaweka kiganja juu yake. "Hapo usiguse, dada. Hapo ndipo mkono wake ulipoishia."

"Najua."

"Ukifumua, umefumua. Hatutapata nyingine."

Nikiiacha, mtoto atalalia mkunjo. Nikiifumua, nimefuta alama yako ya mwisho hapa duniani. Siku tatu blanketi lilikaa mezani, na sisi tukala wali na maharage sahani zikiwa magotini.

Baba ndiye aliyetutoa hapo. Alikuwa amesimama jikoni anachuja kahawa.

"Miaka hamsini na miwili nimeishi na yule mwanamke," akasema. "Mkimwachia kona hiyo, siku nikimfuata huko hatanipa usingizi. Na ataniambia mimi ndiye niliyewaruhusu."

Marielos akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanipa pini yeye mwenyewe.

Basi nikafumua, Mama, kona yako. Nikaulegeza utepe upana wa kidole, nikamalizia upande wa nne polepole. Utepe ulitosha na ukabaki wa fundo. Ulikuwa umeshaukata kwa kipimo, kama kawaida yako.

Jumapili iliyopita Yorleny alifunga fundo mlangoni mwa kanisa, Fabricio mumewe akiwa amempakata mtoto. Abigaíl alilia maji yalipomgusa, halafu akalala fofofo mpaka keki ikaisha. Nilipitisha kiganja chini ya shavu lake, pale kwenye kona ya tatu. Palikuwa laini, pamelala sawasawa. Nikageuka nyuma kusikiliza kama utasema, "Fumua."

Hukusema, Mama.

Unakumbukwa na mumeo Rogelio, binti zako Nidia na Marielos, mjukuu wako Yorleny na mumewe Fabricio, na Abigaíl, anayekujua kwa shavu tu. Hatutakusahau siku zote tutakazoishi.